Seoul: Mhudumu ni Wewe Mwenyewe!

Usidhani kila anayepanda ndege ana mshiko. Mchana ule nilikuwa Sinchon, mtaa wa wanafunzi jijini Seoul, mfukoni nina noti moja tu ya won 10,000. Njaa inauma, na nauli ya treni ya kurudia nayo imo humo humo.

Nikajitosa mgahawani. Nikalipia bibimbap kaunta, won 8,000, nikaketi kibosi kumsubiri mhudumu. Wapi! Kumbe kila mtu anajihudumia: sinia unalifuata, maji unachota, vijiko na vijiti vya chuma vimo kwenye droo ya meza.

Bibimbap ni wali wenye mboga na yai juu. Unatia pilipili nzito, unavuruga, unakula. Pembeni kulikuwa na kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na kitunguu saumu, pamoja na figili. Watu wanajiongezea tu. Mie nikaogopa: nikiongezewa bili, narudi kwa miguu!

Dada mmoja aliona ninavyokodoa macho. Akanijazia kibakuli: "Bure, kaka. Ila usibakize." Kumbe ndiyo desturi ya Korea, vitoweo hivyo vya pembeni, banchan, kwa kawaida havilipiwi, na bakshishi hawana.

Jamani, nilirudi mara tatu! Nikarudisha sinia, nikapanda treni nimeshiba ndi. Nawe ukifika kule umechacha, acha aibu: angalia wenzako wanavyofanya, kisha simama ujihudumie.