Kitambaa Kinachompokea Mtoto

Leo tuzungumze kuhusu nguo ya nili, na hasa nguo kuukuu ya nili.

Wajapani wana rangi ya buluu waiitayo ai. Sifa yake kubwa iko Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku. Majani ya mmea wa nili hukaushwa, hurundikwa na kunyunyiziwa maji, kisha hugeuzwa mara kwa mara kwa siku zipatazo 100 hadi yawe kama mboji. Mboji hiyo, sukumo, huvundikwa pipani pamoja na maji ya majivu ya kuni. Nguo ikichovywa hutoka na ukijani. Ikipata hewa hugeuka buluu ukiitazama. Ukitaka buluu iliyokoza, unachovya tena na tena.

Lakini kilichotugusa zaidi ni habari za wanawake wa kaskazini, Aomori. Huko baridi haikuruhusu pamba kuota. Wakulima walivaa nguo za nyuzi ngumu za mimea, na kila kipande cha pamba kuukuu kilichofika kutoka kusini kilikuwa mali. Wanawake waliunganisha vipande hivyo, buluu juu ya buluu, wakavipiga bandi kwa mkono. Ushonaji huo ni sashiko. Nguo zenyewe ni boro, yaani matambara. Nguo moja ilirithiwa na kuongezwa viraka kizazi baada ya kizazi.

Maisha yalipokuwa mazuri, watu wakazionea haya. Boro zilikumbusha ufukara, na nyingi zikatupwa. Chuzaburo Tanaka, mwenyeji wa Aomori, alizunguka vijijini miaka mingi akizikusanya. Miongoni mwazo ilikuwamo bodoko: shuka la viraka ambalo mwanamke alijifungulia juu yake. Viraka vilitoka kwenye nguo za waliotangulia, ili mtoto apokelewe na ukoo mzima.

Habari hiyo ilitukuta sisi ndugu watatu tukiwa na sanduku la marehemu mama. Nguo nzima tulikwisha kuzitoa sadaka. Zilibaki kanga zilizochakaa, zenye viraka alivyoshona mwenyewe, na jirani akatushauri tuzifanye matambara ya kupigia deki. Mdogo wetu alikuwa na mimba ya miezi saba. Tukakata sehemu zilizo imara, tukazipanga, tukapiga bandi jioni tatu baada ya isha. Hazikuwa na nili hata tone, na mishono yetu ilikwenda upande. Mtoto alipozaliwa, alhamdulillah, alilazwa juu ya kitambaa cha bibi ambaye hakuwahi kumwona.

Sadaka tutoe iliyo nzuri, ndivyo tulivyofunzwa. Iliyochakaa ifueni kwa maji baridi, ianikeni kivulini, muone panapofaa. Na kama nyumbani kwenu lipo sanduku kama hilo, lifungueni pamoja na wadogo zenu kabla halijatolewa nje.