Chupa za Dawa za Mobeni

Mobeni iko kusini mwa Durban, kwenye ukanda wa viwanda na maghala. Jina lake ni la Kizulu: umoba ni muwa, kwa hiyo Mobeni ni penye miwa. Siku hizi miwa haipo, kuna malori na reli. Jirani yake ni Chatsworth, ambako wanaishi wazao wa watumwa waliokombolewa baharini na kushushwa Durban kuanzia 1873. Wengi asili yao ni Wamakua wa Msumbiji, lakini hadi leo wanaitwa Wazanzibari.

Nilikaa huko wiki mbili kwa dada yangu, mtoto wa mama mdogo. Kabati lake la jikoni lilikuwa kama makumbusho. Kulikuwa na vichupa vya tangawizi na matone ya nguvu vya Lennon, kampuni iliyoanzia Port Elizabeth mwaka 1850. Pembeni kulikuwa na dawa ya tumbo la watoto, "gripe water", ambayo William Woodward aliianza Uingereza mwaka 1851. Mama zetu Tanga na Mombasa wanaijua sana. Ile ya zamani ilikuwa na pombe ndani yake.

Enzi ya Malkia Victoria, chupa ziliuzwa kwa sifa tu. Marekani kulikuwa na sharubati ya kutuliza watoto ya Mrs. Winslow. Mtoto alinyamaza kweli, kwa sababu ilikuwa na mofini, inayotokana na kasumba. Wengine hawakuamka tena. Ni sheria ya 1906 iliyolazimisha dawa kama hizo kutajwa kwenye chupa.

Hapa Natal, waganga wa Kizulu walianza kupewa leseni mwaka 1891. Baadaye nao wakatia dawa zao kwenye chupa. Mwaka 1940 mganga Mafavuke Ngcobo alishtakiwa kwa kuchanganya dawa za asili na za dukani. Wenye maduka ya dawa hawakupenda ushindani.

Dawa hizo za mizizi, imbiza, bado zinauzwa. Mtoto wa dada, wa miezi mitano, alipoharisha na kupata homa, jirani yetu mzee alileta chupa ya imbiza isiyo na maandishi. Dada aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ngiyabonga, gogo," yaani asante, bibi. Kisha akaiweka juu kabatini, akambeba mtoto hadi kliniki. Muuguzi alisema mtoto ameanza kuishiwa maji. Akampa ORS, akamhimiza dada aendelee kumnyonyesha. Imbiza nyingi huendesha tumbo; kwa mtoto yule ingekuwa hatari. Siku ya tatu alikuwa anacheka.

Jioni gogo alikuja kumwona, tukanywa naye chai ya tangawizi. Hakuna aliyemvunjia heshima.

Wazazi wenzangu mlio mbali na nyumbani, chupa kutoka kwa bibi ni upendo, ipokeeni. Ila kabla ya kumpa mtoto, ulizeni: ndani kuna nini, kipimo ni kipi, na ni ya umri gani? Lisipopatikana jibu, twendeni kliniki.