Kabla ya Kufunga Kizazi, Ongea na Daktari kwa Kituo

Columbus, Ohio

Mpwa wangu mpendwa Salim,

Nimefurahi kusikia kwamba wewe na mkeo mmeridhika na watoto mliojaliwa, na kwamba safari hii ni wewe utakayefunga kizazi. Umeniuliza kama yale mazungumzo na daktari kwa simu ya video yana maana yoyote. Yana maana kubwa, mradi uyatumie vizuri.

Kaa chumba chenye faragha, mkeo awe kando yako akipenda. Kiingereza cha hospitali kikikutatiza, omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinatakiwa kumtoa bila malipo. Usimtumie mwanao kukutafsiria. Mambo ya chumbani kwa wazazi wake hayamhusu mtoto.

Panga dawa zako zote mezani umsomee daktari majina, hasa aspirini na zile za kuzuia damu kuganda, maana zinaweza kukuongezea kutokwa na damu. Kama uliwahi kupasuliwa ngiri au korodani, mwambie. Kumbuka kwamba kwenye skrini hawezi kuipapasa mirija yako ya mbegu. Hilo litasubiri mkutane ana kwa ana.

Uliza yote yanayokusumbua. Nguvu za kiume hazipotei, kwa kuwa korodani huendelea kutoa homoni zake. Kinachozuiwa ni mbegu kupita. Lakini zilizobaki njiani huchukua muda kuisha, kwa hiyo endeleeni na kinga nyingine mpaka kipimo cha manii, kwa kawaida baada ya wiki 8 hadi 16, kithibitishe kwamba umekuwa salama. Wala upasuaji huu haukingi VVU.

Ikiwa bima ya serikali ya Medicaid ndiyo italipia, sharti usaini fomu ya ridhaa angalau siku 30 kabla ya upasuaji. Siku hizo si usumbufu, ni nafasi ya kutafakari. Mirija huweza kuunganishwa tena, ila kwa gharama kubwa na bila uhakika wa kupata mtoto. Ukibaki na shaka, ahirisha.

Ukiwa na uhakika, nenda kifua mbele. Mkeo amebeba mzigo wa vidonge na sindano za kupanga uzazi miaka yote hii. Kumpokea mzigo huo ni uungwana.

Msalimie, na wanao pia.

Mjomba wako,
Hamisi