Mkeka wa Machi

Mkeka wangu wa kwanza niliujaza nimesimama, kwenye meza ya jikoni, alfajiri moja ya Machi 1999. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Hartford, jimbo la Connecticut, na zamu ilikuwa imebakiza saa moja kuisha. Mpishi wetu, Mjamaika, alinisogezea karatasi aliyoikata gazetini. Ilikuwa na majina 64 ya vyuo vya Marekani vilivyokuwa vikiwania ubingwa wa mpira wa kikapu wa wanaume, yamepangwa kushoto na kulia, na mistari iliyopungua kila raundi mpaka ikakutana katikati kwenye kisanduku kimoja. Kila mtu alitoa dola 5. Bingwa nilimwandika UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nakisikia kila siku kwenye basi. Wakatwaa ubingwa wao wa kwanza, wakiwafunga Duke 77–74.

Siku hizo sikuiita mkeka. Neno hilo nilikuja kulipata kwenye simu, kwa mtoto wa kaka yangu aliyeko Temeke, ambaye hubashiri mechi za Ulaya. Nilipomweleza karatasi yangu alicheka akasema, “Shangazi, kumbe na wewe una mkeka!” Tangu hapo ikawa hivyo.

Kwa miaka mingi nilijaza mkeka wa mechi nisizoziona. Mechi za raundi ya kwanza huchezwa Alhamisi na Ijumaa, kuanzia adhuhuri mpaka usiku mkubwa. Adhuhuri nilikuwa nimelala, na saa tano usiku naingia kazini. Matokeo niliyakuta kwenye mlango wa friji la jikoni, mpishi kayapiga mistari kwa kalamu nyekundu. Timu hupewa namba 1 hadi 16 katika kila moja ya kanda nne, aliye bora akiwa namba 1, na mimi nilichagua namba ndogo nikaendelea na kazi. Nilikuwa nabashiri namba. Watu waliokuwa nyuma ya namba hizo sikuwajua.

Aliyenitoa huko ni Hasheem Thabeet. Mwaka 2006 kijana huyu wa Dar es Salaam, mwenye urefu unaopita mita 2 na sentimita 20, aliingia UConn, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwangu. Nilianza kukatiza usingizi. Mimi mchezo wangu shuleni Tanga ulikuwa netiboli, ambako ukidaka mpira hutembei nao, kwa hiyo macho yalichukua muda kuzoea. Lakini mkono wa Thabeet ukipanda juu ya kikapu na mpira kurudi ulikotoka, hilo halikuhitaji mkalimani.

Machi 2008 UConn, namba 4, walikutana na San Diego, namba 13, huko Tampa. Wakaenda muda wa nyongeza. Zikiwa zimebaki sekunde 1.2, De'Jon Jackson wa San Diego akarusha, ukaingia, 70–69. Nilikaa kitandani na sare ya kazi mapajani, nina hasira na wale vijana kana kwamba wamenivunjia nyumba. Mwaka uliofuata Thabeet aliifikisha UConn nusu fainali mjini Detroit, wakatolewa na Michigan State, na Juni akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA.

Nilistaafu mwishoni mwa 2017. Machi iliyofuata ndipo nilipoona mashindano haya kwa ukamilifu wake, kwenye kochi langu, chai pembeni. Bingwa nilimwandika Virginia, namba 1 juu ya namba 1 wote. Usiku wa Ijumaa, Machi 16, walipangiwa UMBC, chuo cha Maryland, namba 16. Kwa upande wa wanaume, timu namba 16 zilikuwa zimekutana na namba 1 mara 135, na zote 135 zilifungwa. Mapumziko ilikuwa 21–21. Kipindi cha pili Jairus Lyles wa UMBC hakushikika, akamaliza na pointi 28, na UMBC wakashinda 74–54. Saa tano ikapita bila mimi kuitazama saa.

Mkeka ulichanika, ila kilichonibakia usiku ule ni nyuso za vijana wa Virginia wakitoka uwanjani. Zamani ningekuta tu mstari mwekundu kwenye friji. Safari hii nilimuona aliyechorewa mstari. Mwaka uliofuata niliwaandika tena mabingwa, kwa moyo wote, na wakatwaa kombe kwa kuwafunga Texas Tech 85–77 katika muda wa nyongeza. Nilimpigia mpishi, naye kastaafu sasa, yuko kwao Kingston, nikampigia kelele sikioni.

Machi 12, 2020, mashindano yalifutwa kwa sababu ya korona. Jumapili ya kutangaza timu ilipita bila karatasi. Nilihesabu vyuo ambavyo nisingevijua mwaka ule, na nikaelewa mkeka unanipa nini. Ukishaandika jina la timu, umejipatia mtu wa kumhangaikia Alhamisi.

Kwa hiyo siku hizi najaza polepole, kwa kalamu ya wino. Na kila mwaka naanza na nafasi moja: namba 13 mmoja namvusha mbele ya namba 4. Ni deni langu kwa San Diego. Walikuwa wanafunzi waliocheza mpira mzuri, na mimi niliwachukia kwa kuwa sikuwahi kuwatazama ila siku waliyomfunga mtoto wetu. Namba 13 wangu wa mwaka huu nimeshamwandika. Alhamisi, adhuhuri, nitakuwa macho.