Bomba Hufa kwa Ndani

Katika miaka ya 1960, akina mama waliokaa karibu na stesheni ya Manyoni walikuwa na kawaida moja: garimoshi la kutoka Dodoma likikaribia, nguo zinaanuliwa kambani hata kama bado mbichi. Ukitoka Bahi, reli inapita chini bondeni, Kintinku na Makutupora, kisha inaukwea ukingo wa Bonde la Ufa hadi Saranda, na kupanda hakuishi mpaka karibu na kwetu. Katika kupanda huko, injini ikivuta kwa nguvu zake zote, ghafla bomba la moshi lilitoa wingu jeusi tii, zito, likadumu kwa muda, kisha moshi ukarudi kuwa mwepesi. Upepo wa Manyoni, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki, ukatuletea masizi yote.

Sisi watoto tuliamini kwamba injini imezidiwa na mlima. Baba, aliyekuwa kibarua wa boila katika karakana ya Tabora na kuja nyumbani kila alipopata ruhusa, alitucheka. “Haijazidiwa, wanangu. Inasafishwa.”

Akatueleza kazi ilivyo. Ndani ya boila la injini ya mvuke mna mirija mingi ya chuma, mwembamba kila mmoja, kipenyo chake kama inchi mbili. Mirija hiyo inatoka kwenye tanuri nyuma hadi kwenye chumba cha moshi mbele. Hewa ya moto inapita ndani ya mirija, maji yanaizunguka kwa nje, ndipo yanachemka na kutoa mvuke. Injini za Shirika la Reli la Afrika Mashariki wakati huo zilichoma mafuta mazito, na mafuta mazito huacha masizi. Masizi yakishajipaka ndani ya mirija, joto halipiti. Moto unawaka, mafuta yanakwisha, na mvuke haupatikani.

Dawa ilikuwa mchanga. Fayamani, yaani mtunza moto wa injini, alichota mchanga mkavu kwa koleo akautupia tanurini wakati dreva amefungulia mvuke. Mvuto wa hewa uliunyonya ule mchanga na kuupitisha mirijani kwa kasi, ukikwangua masizi njiani na kuyatupa nje kupitia bomba la moshi. Kazi hii haifanyiki injini ikiwa imesimama, wala ikiteremka, kwa sababu hapo mvuto ni dhaifu. Inafaa pale inapovuta mzigo mlimani. Ndiyo maana nguo za mama zilichafuliwa na Saranda, na si na tambarare ya Itigi.

Lakini mchanga ulikuwa wa kuokoa safari tu. Usafi wenyewe ulifanyika karakanani, injini ikishapoa. Nilipokuwa mkubwa kidogo baba alinichukua Tabora wakati wa likizo, nikaona. Mlango wa mbele wa boila ulifunguliwa, na nyuma yake ukaonekana uso wa chuma uliojaa matundu. Mtu alishika fimbo ndefu ya chuma yenye brashi ya waya kwenye ncha, akaisukuma katika tundu la kwanza hadi mwisho, akaivuta, akaenda la pili. Mrija ulioziba kabisa ulizibuliwa kwa hewa yenye shinikizo. Baada ya kila safu, msimamizi alimulika kwa taa upande mmoja na mwenzake akachungulia upande wa pili. Asipouona mwanga kamili, fimbo inarudi. Watu walijifunga vitambaa puani, na jioni walitoka wakiwa na macho tu yanayoonekana.

Hapo ni upande wa moto. Upande wa maji ulikuwa na adui mwingine, na huyo baba alimwogopa zaidi. Maji magumu yakichemshwa, chokaa iliyoyeyuka ndani yake hujitenga na kuganda kwenye chuma. Ni ukoko uleule mweupe ambao kila nyumba ya Manyoni inaujua ndani ya birika la chai. Katika birika unapoteza mkaa kidogo. Katika boila, ukoko ukizidi unene, maji hayaugusi tena mrija, chuma kinapata joto kupita kiasi, kinalainika, na kinaweza kupasuka. Kwa hiyo kila baada ya muda uliopangwa injini iliingizwa kwa ajili ya woshauti: vizibo vya chini na vya pembeni vinafunguliwa, maji yanamwagwa, kisha mpira wa maji yenye nguvu unaingizwa tundu hadi tundu huku vyuma virefu vikichokonoa magamba. Tope jeupe lilitiririka sakafuni hadi maji yalipoanza kutoka safi.

Sehemu yetu ya Reli ya Kati ilikuwa ngumu kwa jambo hili. Kati ya Dodoma na Tabora maji ni ya kuhesabu, na mengi yaliyopo yana chumvi. Bonde la Bahi halina mto unaotoka kwenda baharini. Mto Bubu unaingia pale na hautoki. Jua linakausha maji, chumvi inabaki. Injini za kundi la 30, zilizotengenezwa Glasgow katikati ya miaka ya 1950, zilipewa tenda kubwa, yaani behewa la nyuma la maji na mafuta, ili ziweze kwenda mbali bila kujaza tena. Wageni waliona ukubwa wa tenda wakasifu ukubwa. Baba alisema faida yake nyingine ni kwamba dreva anaweza kuchagua wapi pa kunywesha. Alikuwa na msemo wake: “Usiniulize boila lina miaka mingapi. Niulize limekunywa maji ya wapi.”

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na reli yetu ikawa chini ya Shirika la Reli Tanzania. Injini za dizeli zilikuwa zimeshaanza kuchukua njia, na mvuke ukarudi nyuma mwaka hadi mwaka, ukabaki wa kusukuma mabehewa stesheni, kisha ukaisha. Dizeli haina mirija ya moto. Fimbo, brashi na koleo la mchanga vikawa vyuma chakavu. Wenzake baba wengi walihamishiwa kazi nyingine, na pale Manyoni watu walisema kazi ya kusafisha mabomba imekufa pamoja na moshi.

Haikufa. Ilihama, na mimi nikaifuata Morogoro.

Katika miaka ya 1980 Morogoro ilikuwa mji wa viwanda: nguo, turubai, ngozi. Karibu kila kiwanda kilihitaji mvuke, na mvuke unahitaji boila. Niliajiriwa kama msaidizi wa fundi katika kiwanda kimoja, nikakuta mirija ileile niliyoiona Tabora, imelala ndani ya boila lisilo na magurudumu. Kilichokuwa kipya ni tindikali. Badala ya kuchokonoa ukoko kwa chuma, unazungusha ndani ya boila tindikali iliyopunguzwa makali kwa maji na kuchanganywa na dawa ya kulinda chuma. Chokaa inatoa povu na kuyeyuka. Unapima, unamwaga, unasuuza kwa maji mengi, kisha unapitisha magadi ili kuua mabaki ya tindikali. Kazi iliyowachosha vibarua kwa siku kadhaa inakwisha kwa saa chache, na hakuna mtu aliyeingia kwenye giza.

Fundi wetu, mzee wa Kiluguru asiyependa maneno mengi, aliipenda tindikali na kuihofia. Alikuwa akituambia, “Vijana, hii haijui ukoko wala bomba. Ikimaliza kimoja inaanza kingine.” Siku moja alipokuwa likizo, aliyekuwa zamu aliamriwa aiache tindikali usiku kucha ili kazi iwe ya uhakika, na dawa ya kulinda chuma ikapunguzwa kwa sababu ilikuwa ghali. Asubuhi boila liling’aa kwa ndani kupita siku zote. Lilipowashwa, mirija ilivuja kila mahali. Uzalishaji ulisimama hadi mirija mipya ilipopatikana, na kwa uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ile, kupatikana huko hakukuwa kwa haraka.

Miaka ya baadaye yakaja maji yenye shinikizo kubwa. Pampu inayasukuma katika mpira mwembamba wenye ncha ya chuma yenye vitundu. Vitundu vingine vimeelekea mbele, vingine nyuma. Vya mbele vinakata uchafu. Vya nyuma vinausukuma mpira uingie wenyewe ndani ya bomba huku ukifagia uchafu kutoka nje. Hakuna tindikali wala mikwaruzo. Ila maji hayo hukata ngozi kama kisu, na jeraha lake huonekana dogo nje huku ndani likiwa limekwenda mbali. Nimefanya kazi na watu wasioogopa moto waliokuwa wakirudi nyuma hatua kadhaa pampu ile ikiwashwa, na walikuwa na haki.

Viwanda vingi vilipofungwa au kubinafsishwa katika miaka ya 1990, nilirudi Manyoni na vifaa vyangu. Sikutafuta boila, mabomba ya maji yalinitafuta. Visima virefu vilikuwa vimechimbwa, pampu zimefungwa, na katika vijiji vingi malalamiko yalikuwa ya aina moja: mwanzo maji yalitoka kwa nguvu, sasa yanadondoka. Watu walilaumu pampu, wakalaumu kisima, wengine wakalaumu majirani wa juu. Nilikata kipande cha bomba la chuma la zamani mbele ya kamati ya maji ya kijiji kimoja nikawapa wakitazame. Kwa nje lilikuwa zima, lina rangi yake. Kwa ndani, kutu na chokaa vilikuwa vimeziba hadi kidole changu hakikupita. Mwenyekiti aligeuza kile kipande mkononi, akauliza, “Sasa fundi, miaka yote hii tulikuwa tunasukuma maji yapite hapa?”

Mabomba ya plastiki yalipoenea mambo yalipungua uzito. Plastiki haipati kutu, na uso wake laini hauupi ukoko pa kushika kwa urahisi. Lakini haizuii mchanga kutua mabondeni wala chokaa kuganda kwenye vali na mita. Bomba la kijiji linahitaji vali ya kutolea tope katika kila sehemu ya chini, ifunguliwe mara kwa mara mpaka maji yatoke safi. Ni woshauti ileile ya Tabora, bila moto. Nimeona miradi ambayo vali hizo zimefungwa vizuri, zikafukiwa, na baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka zilipo.

Nje ya Manyoni kazi hii imekuwa kubwa kuliko baba alivyoweza kuiwazia. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, na kwa miongo mingi lilipitisha mafuta ghafi. Mwaka 2023 lilibadilishwa ili lipitishe dizeli. Huwezi kumwaga dizeli safi katika bomba lililobeba mafuta ghafi muda wote huo bila kuliosha kwanza. Na kaskazini mwa mkoa wetu wa Singida linapita bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba limefunikwa kuzuia joto lisitoke na limewekewa mfumo wa kulipasha. Bomba la namna hiyo husafishwa kwa pigi, kifaa kinachojaa bomba upana wake wote na kusukumwa na mafuta yenyewe kutoka kituo hadi kituo, kikikwangua nta njiani. Pigi nyingine zina vipimo vya kielektroniki vinavyoandika unene wa chuma zinakopita. Yule mtu wa kuchungulia mwanga upande wa pili amekuwa chombo kinachosafiri gizani chenyewe.

Reli nayo imefika mahali pengine. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, na kipande cha kutoka Morogoro kimejengwa hadi Makutupora, hapo hapo wilayani kwetu. Kipande kinachofuata, Makutupora hadi Tabora, kinapita Manyoni. Treni hiyo itakwea ukingo wa bonde bila tanuri, bila mirija na bila masizi, na nguo zitakauka kwa amani.

Nikitazama mwendo wote huu, naona vifaa vimembadilisha msafishaji kuliko vilivyobadilisha uchafu. Mtu ametoka ndani ya tundu, akasimama mlangoni, akarudi nyuma ya pampu, sasa amekaa chumbani anasoma takwimu. Hilo ni jema, na wanaosema kazi ya zamani ilikuwa na heshima zaidi hawakuwahi kuoga masizi. Lakini maji ya Bonde la Bahi bado yana chumvi ileile iliyoganda kwenye boila za kundi la 30, na hakuna pampu wala tindikali iliyoyabadili. Mradi wa maji wa Kintinku–Lusilile, unaokusudiwa kuhudumia vijiji 11 vya wilaya yetu, utaishi au utakufa kwa namna watu watakavyoujali kwa ndani, mahali pasipoonekana siku ya uzinduzi.

Kwa hiyo kwa kamati za maji, kwa mafundi vijana, na kwa wenye mashine za kukamua alizeti wanaotaka kununua boila la kwanza: yapimeni maji kabla ya kununua bomba, si baada ya kuziba. Mkilifunga, acheni mahali pa kulifungulia na andikeni ukutani ni wapi. Kisha lifungueni kwa tarehe, hata kama bado linatoa vizuri.