Sura Hii Ni ya Nani?

Tukipokea mshahara au tukiuza mihogo sokoni, twahesabu feza zetu, twazifunga katika kitambaa. Ni nani kwetu anayetazama picha iliyomo? Lakini Bwana wetu Yezu Kristu, alipotegwa kwa habari ya kodi, aliomba aonyeshwe dinari, akauliza sura na maandishi yake ni ya nani. Basi nasi tuitazame.

Dinari ilikuwa sarafu ndogo ya feza ya Waroma, yenye uzito wa karibu gramu 4. Katika Injili ya Mtakatifu Mateo ndiyo mshahara wa siku moja wa mfanyakazi wa shamba la mizabibu. Ilianza kupigwa karibu na mwaka 211 mbele ya Kristu. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha Roma, mji uliofanywa mungu wa kike mwenye kofia ya vita. Upande wa pili Castor na Pollux, mapacha walioabudiwa, wamepanda farasi. Tena sarafu zilipigwa karibu na hekalu la Juno Moneta, na katika jina hilo Wafaransa wamepata neno lao monnaie.

Zamani hizo mtu aliye hai hakuchorwa. Mwaka 44 mbele ya Kristu, Julius Caesar alikuwa wa kwanza kuwekewa sura yake katika sarafu za mji wa Roma angali hai. Aliuawa mwaka ule ule, kisha akatangazwa kuwa mungu. Tiberius, aliyetawala toka mwaka 14 hata 37, aliandikwa katika dinari yake kuwa mwana wa Augustus aliye mungu. Na upande wa pili, penye mwanamke aliyeketi, aliitwa Kuhani Mkuu. Wataalamu wengi hudhani ndiyo dinari aliyoonyeshwa Yezu.

Fikirini taabu ya Myahudi mnyofu! Anakiri Mungu mmoja tu, na kodi hailipiki bila kushika maandishi hayo mkononi.

Karibu na mwaka 215, Caracalla alitoa sarafu mpya ya feza, naye amevaa taji la miali ya jua kama mungu. Lakini kadiri taji lilivyong'aa, feza ilipungua. Mwisho wa enzi ya Gallienus, mwaka 268, katika sehemu 100 za sarafu ile, feza haikufika 5. Nyingine karibu zote zilikuwa shaba.

Karibu na mwaka 200, Tertullianus wa Kartago, katika Afrika yetu, alieleza jibu la Bwana hivi: sura ya Kaisari imo katika sarafu, basi sarafu apewe Kaisari; sura ya Mungu imo katika mtu, basi mtu ni wa Mungu.

Kodi tulipe, ni haki. Lakini mtoto wetu, mke wetu, na kibarua anayengoja mshahara wake jioni, wana sura isiyopigwa kwa nyundo. Tusiwapime kwa feza.