Lipeni Kipimo Kabla ya Spea

Ndugu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama,

Katika maombi yanayoingia kwenye simu za watu wa Mara walioko huku Uingereza, lipo moja ambalo sura yake haibadiliki: gari limelala, fundi ameshasema kinachotakiwa, tumeni hela. Kinachotakiwa huwa tayari kina jina. Ni alternata, ni pampu ya mafuta, ni gasketi ya silinda hedi, na siku mambo yakiwa mazito ni injini nzima ya mtumba itakayoletwa kutoka Mwanza. Kisichokuwemo kwenye ujumbe ni namna jina hilo lilivyopatikana. Nani alipima, alipima nini, akapata nini? Dai langu katika barua hii ni kwamba sehemu kubwa ya hela inayoteketea kwenye magari yetu ya zamani hainunui spea kwa maana halisi, inanunua dhana. Dhana ikikosea, inanunuliwa nyingine. Dawa yake naiona kwenye malipo kabla ya kuiona kwenye vifaa: kazi ya kutafuta ubovu ilipwe peke yake, mapema, kwa bei inayojulikana.

Anzeni na hesabu ya pande mbili. Huku saa moja ya fundi ni ghali mno, ghali kiasi kwamba gari lenye umri mkubwa linaweza kutupwa kwa ubovu ambao pale Nyasho ungemalizwa kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo sababu Waingereza wengi wa kipato cha kawaida hujitengenezea magari mbele ya nyumba zao, na ndiyo sababu biashara ya vitabu vya Haynes ilinawiri. Kitabu chao cha kwanza cha namna hiyo kilitoka mwaka 1966, na tangu hapo desturi yao ilikuwa kulifungua gari lote, kulifunga tena, na kupiga picha kila hatua ili mtu asiye fundi aweze kufuata. Asiyejitengenezea huenda gereji, na gereji nyingi humtoza ada ya uchunguzi hata kama hatatengeneza kwao. Kwetu mizani imeelemea upande mwingine: muda wa fundi ni nafuu, spea ndiyo ghali, kwa kuwa imetoka Japani au Dubai ikapita Dar es Salaam na kila mkono ulioigusa ukaongeza chake. Penye muda wa bei nafuu na spea ya bei kali, akili ya kawaida ingesema tutumie muda mwingi ili kuokoa spea. Tunafanya kinyume. Mteja haoni kwa nini amlipe mtu aliyefungua boneti, akasikiliza, akapima, kisha akaifunga. Kwa hiyo fundi anapata chakula siku anapofunga kitu kipya, na siku anapogundua kwamba waya umelegea anaambulia asante. Mnashangaa basi kwa nini majibu mengi ya gereji huishia kwenye kitu cha kununua?

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni gari linalochemsha. Musoma ipo kando ya ziwa, lakini ziwa lenyewe lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Injini inavumilia kwa sababu kifuniko cha rejeta hubana mvuke na kuyapandisha maji hadi zaidi ya nyuzi 110 bila kuchemka. Kwa maneno mengine, kifuniko kilichochoka, kitu kidogo kuliko kiganja, kinatosha kuleta dalili zote za maradhi makubwa. Sasa tazameni matibabu tuliyoyazoea. Kwanza themostati inatolewa na kutupwa, kwa maelezo kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Maelezo hayo yamesafiri kutoka gereji hadi gereji miaka mingi, nayo yana kosa la hatari. Katika injini nyingi za Toyota themostati ina kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, aghalabu kwenye nyuzi 82 hivi, na wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Matokeo yake gari linaweza kuwa baridi kupita kiasi likitembea bila mzigo asubuhi, kisha likachemsha likiwa limejaza abiria na kupanda kilima kuelekea Butiama. Na lile baridi la asubuhi nalo lina gharama: kompyuta ya gari, ikiambiwa na sensa kwamba injini haijapata moto, huongeza mafuta kwenye nozeli. Mwenye gari ataanza kulalamika kwamba gari linakula petroli, na hapo itatafutwa spea nyingine tena.

Kumbe gari hilohilo lilikuwa limeshajieleza, endapo lingeulizwa vizuri. Linachemsha likisimama mjini na kutulia likiwa barabarani? Shaka iende kwanza kwenye feni. Linatulia mjini na kuchemsha kwenye mwendo mrefu wa Bunda kwenda Mwanza? Rejeta imeziba, au maji hayazunguki inavyopaswa. Linapunguza maji na hakuna tone chini? Injini ikiwa imepoa kabisa, kifuniko kifunguliwe, gari liwashwe, watu watazame: mapovu yasiyokoma yanatia shaka kwamba moto wa silinda unapenya kwenye maji, na hapo ndipo gasketi inapostahili kutajwa kwa jina. Vipimo hivi havidai mashine. Vinadai nusu saa ya mtu mwenye subira, na nusu saa hiyo ndiyo ambayo hakuna anayetaka kuilipia.

Najua jibu litakalokuja haraka: siku hizi gari linapigwa mashine, kubahatisha kumekwisha. Mashine ni msaada mkubwa, sibishi. Marekani ililazimisha mfumo wa kujipima na soketi yake kwenye magari madogo yote mapya ya mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na leo kisomaji kidogo kinachoungana na simu kinauzwa kwa bei ya kawaida. Lakini mashine husoma malalamiko, haimtaji mkosaji. Chukueni msimbo P0171. Unachosema ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, basi. Huenda mpira wa hewa umepasuka mahali usipoonekana. Huenda sensa ya hewa imechafuliwa na vumbi kwa kuwa eya klina ilikaa kupita muda wake, jambo la kawaida kwa gari linaloshinda kwenye barabara za vumbi za Mara. Huenda pampu ya mafuta imechoka, au chujio la mafuta limeziba. Fundi anayesoma msimbo na kuagiza sensa ya oksijeni papo hapo amebahatisha vilevile, ila safari hii amebahatisha kwa kompyuta. Nayo magari ya Japani yaliyotangulia mfumo huo si mabubu: Toyota nyingi za miaka ya 1990, ukiunganisha kwa waya mfupi matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha majaribio chini ya boneti kisha ukafungua swichi, taa ya injini inapepesa na kuhesabu namba ya kosa. Wapo mafundi wakongwe wanaolijua hili kuliko vijana wenye mashine za kisasa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la njaa. Dereva wa mchomoko unaobeba abiria kutoka stendi ya Bweri hana siku ya kulaza gari ili watu wapime. Tajiri wake anataka hesabu jioni, deiwaka anataka zamu yake, na spea ikifungwa leo gari linatembea leo. Hapa nakubali kwa sehemu. Zipo kazi ambazo kupima ni kupoteza muda: pedi za breki zikiisha zinabadilishwa, plagi zilizokula umri wake zinatolewa, mkanda uliopasuka hauhitaji mjadala. Spea ikiwa rahisi na dalili ikiwa bayana, fungeni mwende kazini. Lakini sababu hiyohiyo ya umaskini ndiyo inayokataza kubahatisha kwenye vitu vya gharama. Tajiri mwenye magari manne anaweza kununua alternata isiyohitajika na asilale njaa. Mwenye gari moja akikosea mara moja amekula ada ya shule. Na ongezeni hili: spea mpya dukani haina maana ya spea nzima. Nyingine ni feki, nyingine ni mtumba uliopakwa rangi. Asiyepima kabla hatajua, gari likiendelea kusumbua, kama dhana ilikuwa mbovu au spea ndiyo mbovu, na fundi na muuza duka watarushiana mpira yeye akiwa katikati.

Nchi yetu imeshapitia somo la aina hii kwenye zahanati. Zamani kila homa kanda ya ziwa ilikuwa malaria, na dawa ilitolewa kwa kuangalia paji la uso. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza, vipimo vya haraka vikasambaa, na ugumu haukuwa kwenye kidole kuchomwa. Ugumu ulikuwa kukubali jibu la kwamba huna malaria, urudi nyumbani bila vidonge, na bado uone umehudumiwa. Wenye magari wana ugumu uleule.

Wapo watakaosema naifananisha Mara na Uingereza bila haki, na kwamba mafundi wa huku nao ni wabadilisha spea tu. Ni kweli, tena wamezidi. Kwa kuwa saa yao ni ghali, alternata yenye kaboni zilizoisha huku hutolewa nzima na kuwekwa nyingine. Kwetu fundi anaifungua, anatia kaboni mpya, anabadilisha beringi, inarudi kazini. Stata inasukwa upya. Bushi inachongwa pale pasipo na ya dukani. Ufundi huo ulikomaa miaka ya 1980, wakati fedha za kigeni zilipoadimika na gari lilipaswa kuishi kwa vilivyopo, na mtu anayedharau gereji bubu hajui ni nini kilichoyaendesha malori ya nchi hii. Hata hali ya hewa iko upande wenu: huku chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi inakula vyuma vya chini hadi gari linazikwa injini yake ikiwa bado nzima, ilhali Corolla ya zamani ya Bunda ina bodi kavu ya kudumu miaka mingi. Mikono ipo, vyuma vipo. Kinachonikera ni kwamba mikono hiyo yenye uwezo tunaituma ifungue pasipofaa.

Na kuna jambo moja la huku ningependa mliazime bila aibu, nalo ni kumbukumbu. Gari binafsi jipya la Japani hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. La Uingereza likitimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na mtu yeyote mwenye namba yake anaweza kuona kwenye mtandao lilifeli kwa nini na lilikuwa limetembea maili ngapi. Ukaguzi huo hauangalii hali ya injini wala gia, kwa hiyo msiuone kama muujiza. Faida yake kubwa ni maandishi. Gari letu la mtumba limetoka kwenye maisha ya kupimwa kwa tarehe, likaingia kwenye maisha ambayo kinachokumbukwa ni stika ya wiki ya usalama barabarani. Daftari la kurasa 40 ndani ya dashibodi linatosha: tarehe, kilomita, dalili, kilichopimwa, kilichofungwa, nani alifunga. Fundi wa Musoma akikuta humo kwamba mwenzake wa Bunda aliitoa themostati, ameokoa siku nzima.

Kwa hiyo safari ijayo mkituandikia kwamba alternata imekufa, tuandikieni na namba. Mita ya umeme ya kawaida inatosha. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12, msikimbilie dukani. Mkanda uangaliwe kama unateleza, vichwa vya betri visuguliwe, kisha mita iguswe kwenye nguzo ya alternata yenyewe. Pale ikisoma 14 na kwenye betri 12, alternata ni nzima na umeme unapotelea njiani, kwenye waya au kwenye maungio yake, na kinachotakiwa ni kipande cha waya. Bei ya kipimo hicho mpatane na fundi kabla hajafungua boneti, tutaituma sisi, na asipokuta ubovu wowote alipwe vilevile.